Mlinzi wa programu naye anadanganywa: Bunia isiache usalama wake wote mikononi mwa akili bandia

Katika mji wa Bunia, pesa nyingi hazipiti tena mkononi. Muuza samaki wa soko kuu analipwa kwa simu. Mzazi anamtumia mtoto wake minerval kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Familia iliyokimbia vita vya Djugu na kukaa katika kambi ya Kigonze inangoja ujumbe wa simu ili ijue kama msaada umefika. Nyuma ya kila moja ya mambo hayo kuna programu ya kompyuta ambayo mtu fulani ameiandika, na ambayo mtu mwingine anaitafutia tundu la kupenyea.

Kwa miaka michache iliyopita, kazi ya kuyatafuta matundu hayo kabla mwizi hajayaona imeanza kuachiwa akili bandia. Kijana anayeandika programu ya duka, ya shule ao ya koperative anabandika maandishi yake katika kifaa cha akili bandia na kukiuliza kama kuna hatari. Kifaa kikijibu kwamba hakuna, kazi inapelekwa kwa mteja na pesa inalipwa. Makampuni makubwa yanafanya vile vile, kwa vifaa vya bei kali zaidi.

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba mlinzi huyo naye anadanganywa. Mara nyingine anakosea mwenyewe. Mara nyingine anakoseshwa kwa makusudi, na mtu aliyemsoma vizuri na kujua anaangalia nini. Watafiti wamelionyesha hilo kwa tarakimu, na matukio ya kweli yamelithibitisha. Jimbo la Ituri, lenye wataalam wachache wa informatiki na watu wengi sana ambao maisha yao yameandikwa katika orodha za kompyuta, haliwezi kulifumbia jambo hilo macho. Akili bandia itumiwe, lakini isiachiwe neno la mwisho.

Tundu ni nini, na nani analitafuta

Tundu la usalama ni kosa katika maandishi ya programu, yaani msimbo, ambalo linamruhusu mtu afanye jambo ambalo mwenye programu hakulikusudia. Mfano mwepesi ni huu: programu inauliza jina la mteja. Kama mwandishi wake hakuweka kizuizi, mwizi anaandika amri mahali pa jina, na kompyuta inaitii amri hiyo kana kwamba imetoka kwa mwenye nyumba.

Desemba 2021 dunia iliuona ukubwa wa hatari hiyo. Kosa lilipatikana katika Log4j, kijiprogramu cha bure kinachoandika kumbukumbu za kazi za kompyuta na ambacho kilikuwa ndani ya seva nyingi za makampuni na za serkali. Katika kipimo cha ukali, kosa hilo lilipewa alama 10 juu ya 10. Mwizi alihitaji kutuma mstari mmoja tu wa maneno ili aiamrishe seva ya mtu mwingine. Kosa hilo lilikuwa limekaa humo tangu 2013.

Hakuna mtu anayeweza kusoma mistari milioni ya msimbo bila kuchoka. Ndiyo maana watafiti walijenga modeli za kuisoma badala yake. Modeli inaonyeshwa maelfu ya mifano ya msimbo wenye tundu na ya msimbo mzima, mpaka inaanza kutofautisha. Kati ya modeli zilizotumiwa sana katika utafiti huo ni CodeBERT, iliyotolewa na watafiti wa Microsoft mwaka 2020. Wazo lenyewe ni zuri: mashine haisinzii, haiombi kahawa, na inasoma kwa dakika kile ambacho mtu angekisoma kwa mwezi.

Shida iko katika kile ambacho modeli inajifunza. Chukua askari wa barieri kwenye barabara ya Bunia kwenda Mahagi. Siku tatu mfululizo, watu wabaya walipita wakiwa na makoti meusi. Siku ya nne askari anasimamisha kila mwenye koti jeusi. Mtu mbaya akisikia hivyo anavua koti, anavaa shati la kwenda kanisani, anapita akisalimia. Bunduki bado iko ndani ya mfuko. Askari hakulala wala hakula rushwa. Alichojifunza kilikuwa koti, si bunduki.

Modeli nyingi za kusaka matundu zimejifunza koti. Zinaangalia majina ambayo mwandishi ameyapa vigezo vyake, jinsi mistari inavyofuatana, ao vitu vingine ambavyo katika mifano ya mafunzo vilikuwa vinatembea pamoja na kosa. Mtu akibadilisha majina hayo tu, bila kugusa kazi ya programu, tundu linabaki palepale na modeli inasema hakuna neno. Anaweza vilevile kuongeza mistari isiyofanya kazi yoyote, ao kuandika jambo lile lile kwa njia nyingine. Kwa kompyuta itakayoendesha programu, hakuna kilichobadilika. Kwa mlinzi, huyo ni mtu mwingine kabisa.

Tarakimu zinasema nini

Mwaka 2022, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Singapore Management, akiwemo profesa David Lo, lilitoa njia ya kushambulia modeli za namna hiyo kwa kubadilisha majina ya vigezo tu. Tena majina mapya yalichaguliwa yafanane na yale ambayo mwandishi wa kawaida angeyatumia, ili hata mtu anayesoma asishtuke. Katika kazi ya kutambua matundu, shambulio hilo lilifaulu kuidanganya CodeBERT kwa asilimia 53,62. Maana yake, katika mifano ambayo modeli ilikuwa inajibu vizuri, zaidi ya nusu iligeuzwa kuwa jibu baya.

Utafiti mwingine uligusa shina lenyewe. Niklas Risse na Marcel Böhme, wa taasisi ya Max Planck huko Ujerumani, walizionyesha modeli msimbo wenye tundu na msimbo ule ule baada ya tundu kuzibwa. Modeli ambazo zilikuwa na alama za juu katika mitihani ya kawaida zilishindwa kutofautisha mgonjwa na aliyepona. Zilikuwa zimeshika alama za pembeni zisizohusika na ugonjwa.

Mwaka 2024, watafiti wengine walitengeneza mkusanyo mpya wa mifano, uitwao PrimeVul, wakiondoa marudio na makosa yaliyokuwa katika mikusanyo ya zamani. Modeli moja iliyokuwa inapata alama 68,26 juu ya 100 katika mkusanyo wa zamani ilipata 3,09 tu katika mkusanyo mpya. Alama hiyo inapima mambo mawili pamoja: kukamata matundu ya kweli na kutosingizia msimbo mzima. Mwanafunzi wa Bunia akishuka kutoka 68 hadi 3 kwa sababu tu maswali ya mtihani yamebadilishwa, mwalimu atajua kwamba mtoto alikariri majibu.

Ni haki kusema upande mwingine pia. Watafiti wa Singapore walionyesha kwamba modeli ikifunzwa tena kwa mifano ile ya udanganyifu, inakuwa imara zaidi. Mlinzi anaweza kufundishwa. Lakini anafundishwa ujanja uliokwisha kujulikana, na mwizi anaondoka kutafuta mwingine. Zaidi ya hapo, mwizi ana faida moja kubwa: anaweza kukichukua kifaa kile kile cha ukaguzi, akakijaribu nyumbani kwake mara mia tano, mpaka siku kitakapompa jibu analolitaka. Mlinzi haoni majaribio hayo. Anaona lile la mwisho tu, lililofaulu.

Si mambo ya maabara peke yake

Wako watakaosema kwamba hayo ni michezo ya maprofesa. Matukio yanawajibu.

Julai 2019, wataalam wa Skylight Cyber, kampuni ya Australia, walichunguza antivirusi ya Cylance, iliyokuwa inasifiwa kwa kutumia akili bandia badala ya orodha ya virusi vinavyojulikana. Waligundua kwamba ilikuwa inaupenda mno mchezo mmoja wa video. Wakachukua maneno kutoka ndani ya mchezo huo na kuyabandika mwishoni mwa virusi vya kweli. Vingi vya virusi hivyo vikaonekana kuwa salama. Kampuni ililazimika kurekebisha kifaa chake.

Novemba 2021, Nicholas Boucher na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba alama zisizoonekana, zile zinazotumiwa kuchanganya maandishi ya Kiarabu na ya Kilatini, zinaweza kuufanya msimbo usomeke kwa mtu kwa namna moja na kwa kompyuta kwa namna nyingine. Hapo hata jicho la mwanadamu linadanganywa.

Juni 2025, kampuni ya Check Point ilieleza kwamba ilikuta programu ya uharibifu yenye maandishi yaliyoelekezwa kwa akili bandia yenyewe, yakiiamrisha isahau maagizo yake na kutangaza kwamba haikuona kitu kibaya. Safari hiyo hila haikufaulu. Lakini ilionyesha kwamba wezi wameanza kuzungumza na mlinzi moja kwa moja, na mwenye kujaribu mara ya kwanza atajaribu ya pili.

Tukio linalopaswa kuwagusa zaidi wakaaji wa Ituri ni lingine. Tarehe 18 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, iligundua kwamba wadukuzi walikuwa ndani ya seva zake. Walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021, siku 70 kabla. Waligusa habari za watu zaidi ya 515.000, zilizokusanywa na mashirika ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu yasiyopungua 60 duniani. Kati ya watu hao walikuwamo waliotenganishwa na familia zao kwa vita, kwa uhamiaji ao kwa maafa, waliopotea, na wafungwa. CICR ililazimika kuzima mifumo ya kazi ambayo, kwa maneno yake, kwa wastani ilikuwa inasaidia kuwaunganisha watu 12 kwa siku na familia zao.

CICR ilieleza wazi jinsi jambo lilivyotokea. Wadukuzi walipita kwenye tundu lililokuwa linajulikana, ambalo dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa lakini haikuwekwa kwa wakati. Antivirusi zilikuwa zinafanya kazi na zilizuia baadhi ya mafaili yao. Lakini mafaili mengi ya wadukuzi yalikuwa yametengenezwa mahususi ili yazipite antivirusi hizo, na waligunduliwa tu pale CICR ilipoweka chombo kipya cha kuchunguza mienendo ndani ya kompyuta. Mlinzi aliyepitwa hapo hakuwa modeli ya kusaka matundu, bali njia ni ile ile: adui alimsoma mlinzi, akatengeneza kitu ambacho mlinzi huyo hatakiona.

Ni nini kilicho hatarini Ituri

Katika jimbo hili, Msalaba Mwekundu unajulikana kwa watoto. Kijiji kikishambuliwa usiku, watu wanakimbilia kila upande, na mtoto wa miaka sita anakutwa Bunia huku mama yake ameelekea Mahagi ao amevuka Ziwa Albert kwenda Uganda. Jina la mtoto huyo, kijiji chake, jina la baba yake na mahali anapolala vinaandikwa. Habari hizo zikifika kwa anayemtafuta kwa nia mbaya, matokeo yake si franka zilizopotea. Katika eneo ambako mtu anaweza kuuawa kwa sababu ya kabila lake ao kwa sababu ya kijiji alikozaliwa, orodha ya wakimbizi ni kitu kizito kuliko pesa.

Mashirika ya kiutu yanaandikisha watu kwa mamia ya maelfu katika Ituri: majina, simu, idadi ya watoto, mara nyingine alama za vidole. Hakuna mkimbizi anayeulizwa programu gani itatunza jina lake, wala nani aliikagua. Anatoa kidole, anapokea karatasi, anarudi chini ya bashi. Anayewapa watu wasio na chaguo jambo la kusaini ana deni kubwa zaidi la kuwalinda kuliko anayeuza bidhaa sokoni.

Pesa za simu nazo zina mlango wa nyuma. Oktoba 2020, jirani Uganda, MTN Uganda, Airtel Uganda na Stanbic Bank zilitangaza kwa pamoja kwamba mfumo wa kampuni ya tatu, iliyokuwa inaziunganisha, ulipatwa na tukio, na huduma za kutuma pesa kutoka benki kwenda kwenye simu zikasimamishwa. Polisi ilifungua anketi juu ya wizi. Fundisho lake kwa Bunia ni rahisi: kampuni kubwa inaweza kufunga milango yake yote, na mwizi akapita kwa mshirika mdogo aliye katikati. Washirika wadogo ndio wenye haraka, wasio na pesa ya kumlipa mkaguzi, na ndio wa kwanza kuridhika na jibu la akili bandia.

Halafu kuna kura. Tangu tarehe 30 Desemba 2018, na tena tarehe 20 Desemba 2023, Wakongomani walipiga kura kwa kutumia mashine. Mabishano juu ya mashine hizo yanajulikana. Siku itakapofika ambapo mtu atasema programu yake imekaguliwa na akili bandia na imekutwa salama, raia watakuwa na haki ya kuuliza: je, mkaguzi huyo naye alikaguliwa na nani?

Hoja ya wale wanaoitegemea

Wanaoitetea akili bandia wana hoja ambayo si ya kubeza. Wanasema kwamba Bunia haina wakaguzi wa kutosha, na mkaguzi wa kutoka Nairobi ao Ulaya anaomba pesa ambayo koperative ya Bunia haiwezi kuiona kwa mwaka mzima. Kati ya kutokagua kabisa na kukagua kwa mashine isiyo kamili, afadhali mashine.

Tena mashine zinapiga hatua. Novemba 2024, Google ilitangaza kwamba kifaa chake kiitwacho Big Sleep kilikuta tundu katika SQLite, kijiprogramu cha kutunza habari kilichomo katika simu karibu zote, kabla tundu hilo halijatolewa kwa watumiaji. Agosti 2025, katika fainali ya shindano la DARPA, idara ya utafiti ya jeshi la Marekani, vifaa vya washindani vilikuta matundu 18 ya kweli katika programu za bure zinazotumiwa duniani, mbali na yale yaliyopandwa kwa ajili ya mtihani. Kundi la kwanza, Team Atlanta, lilipata dola milioni 4.

Yote hayo ni kweli, na hakuna sababu ya kuizuia akili bandia Bunia. Ila kifaa kinachosema "hapa kuna tundu" si sawa na kifaa kinachosema "hapa hakuna tundu". Neno la kwanza linaweza kuhakikishwa: mtu anakwenda kuangalia, analiona ao halioni. Neno la pili haliwezi kuhakikishwa kwa urahisi, na ndilo ambalo mwizi analitengeneza. Vifaa vya Google na vya shindano lile vilisifiwa kwa matundu vilivyoyakuta, na yalithibitishwa. Mteja wa Bunia anauziwa kinyume chake: karatasi ya kusema kwamba hakuna kitu.

Tukio la XZ Utils linaonyesha tofauti hiyo. Hicho ni kijiprogramu cha bure cha kubana mafaili, kilichomo katika seva nyingi za Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alikitumikia kwa zaidi ya miaka miwili, akisaidia kwa upole mpaka akaaminiwa. Kisha akaficha mlango wa siri ndani yake. Kabla ya hapo, mwaka 2023, alikuwa ameomba sehemu moja ya ukaguzi wa mashine izimwe juu ya programu hiyo, kwa sababu zilizoonekana kuwa za kiufundi tu. Mlango huo haukukamatwa na kifaa cha ukaguzi. Ulikamatwa Machi 2024 na mtu, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kwamba kuingia katika seva kumechelewa kwa karibu nusu sekunde na akakataa kulipuuza jambo hilo. Alama yake ya ukali ilikuwa 10 juu ya 10, kama ya Log4j.

Programu zinazoandikwa Bunia hazianzi kwenye karatasi tupu. Kijana anapakua vipande vya bure kutoka intaneti, kama XZ ao Log4j, na kuvishona pamoja. Kwa hiyo aliyeficha tundu katika kipande kimoja, akiwa mbali sana na Ituri, ameingia Bunia bila kununua tiketi.

Kinachopaswa kufanyika

Jambo la kwanza halihitaji akili bandia wala dola nyingi: kuweka marekebisho kwa wakati. CICR ilipenyewa kwa tundu ambalo dawa yake ilikuwapo. Kila biro ya serkali ya jimbo, kila shirika, kila kampuni ya pesa za simu na kila shule yenye seva lazima iwe na mtu mmoja, kwa jina, anayejua programu gani zinatumika na lini zilirekebishwa mara ya mwisho. Kama mtu huyo hayuko, kazi nyingine zote ni mapambo.

La pili ni kuacha kukubali jibu la mashine kama cheti. Mteja anayenunua programu, awe askofu, mkuu wa shule ao mkurugenzi wa koperative, aulize maswali matatu: nani mtu aliyesoma msimbo huu mbali na aliyeuandika? Vifaa vingapi tofauti viliukagua? Na kifaa hicho kiliwahi kujaribiwa kwa msimbo uliobadilishwa majina? Anayeuza na hawezi kujibu asilipwe malipo ya mwisho. Programu inayogusa pesa za watu ao majina ya wakimbizi isomwe na macho mawili ya binadamu kabla ya kuanza kazi, hata kama mashine imesema yote ni sawa.

La tatu ni la mashirika ya kiutu. Habari ambayo haikukusanywa haiwezi kuibwa. Kama msaada unaweza kutolewa bila alama ya kidole, kidole kisichukuliwe. Kama kijiji alikozaliwa mtu hakihitajiki ili apate sabuni na unga, kisiandikwe. Na wakimbizi waambiwe, kwa Kiswahili, kwa Kihema, kwa Kilendu, kwa Alur, nani anatunza habari zao na watajulishwa namna gani siku zitakapoibwa. CICR ilitangaza wizi ule siku moja baada ya kuugundua. Kipimo hicho kitumiwe na wote.

La nne ni la shule za juu. Chuo Kikuu cha Bunia, ISP Bunia, Chuo Kikuu Shalom na taasisi nyingine za mji zinapokea vijana wanaopenda kompyuta kila mwaka. Pale panapofundishwa informatiki, usalama wa msimbo usiwe somo la wiki mbili mwishoni mwa mwaka. Zoezi la kuanzia liko karibu: mwanafunzi apewe msimbo wenye tundu linalojulikana, aupitishe katika kifaa cha akili bandia, kisha abadilishe majina ya vigezo na kuongeza mistari mitupu, aone kama jibu linabadilika. Vifaa vingi vya utafiti huo ni vya bure. Kijana aliyeona kwa macho yake mlinzi akidanganywa hatamwamini tena kwa upofu, na mji utakuwa umepata mkaguzi ambaye hahitaji ndege.

La tano ni la serkali. Nchi ina Sheria ya Kidijitali, iliyotolewa kwa Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake kuna sehemu nzima juu ya usalama wa mifumo ya kompyuta na adhabu kwa wanaoivamia. Adhabu ni nzuri kwa mwizi. Lakini kijana wa Bunia anayegundua tundu katika programu ya kampuni na kutaka kuonya anahitaji kujua amwandikie nani, na kwamba hatakamatwa kwa sababu alisema ukweli. Katika jimbo ambalo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, woga huo si wa kufikirika. Viongozi wa jimbo, pamoja na ARPTIC huko Kinshasa, waweke mahali panapojulikana pa kupeleka onyo la namna hiyo, na watoe neno la wazi kwamba mwenye kuonya kwa nia njema halindwi na bahati, bali na sheria.

La sita ni la makampuni ya simu. Yanawatoza wakaaji kwa kila pesa inayotumwa. Basi sehemu ya malipo hayo iende katika kuwakagua washirika wadogo wanaounganishwa na mifumo yao, na matokeo yatangazwe. Mwenye kabine anayepoteza mtaji wake wa dola 200 kwa wizi wa mtandaoni hana akiba ya pili. Asibebeshwe yeye mzigo wa kosa lililofanywa mahali asipopajua.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosema kwamba mashine ifukuzwe. Mlinzi anayeona mbali, asiyechoka, ni msaada mkubwa kwa mji wenye walinzi wachache. Ila mwenye nyumba mwenye akili humwuliza mlinzi wake usiku aliona nini, na asubuhi anakwenda mwenyewe kuangalia ukuta. Kabla ya kampuni, shirika ao biro yoyote ya Bunia kutangaza mfumo mpya unaogusa pesa ao majina ya watu, iwaonyeshe raia jina la mtu aliyeuangalia ukuta huo. Kama jina hilo haliko, mfumo usubiri.